Nimemaliza kozi ya makusudio ya sharia masomo yote 14, haya ndo maoni yangu

Assalaam aleykum. Jana usiku nimemaliza somo la mwisho na nimeona niandike sahivi kabla mambo hayajachanganyika kichwani. Ntasema mazuri na mabaya yote, kwa sababu hii mada naipenda kuliko mada yoyote ya fiqhi, na wengi wanaouliza kuhusu hii kozi wanauliza swali moja tu: je inamfaa mtu ambaye kiarabu chake cha kuungaunga na usuli, yani misingi ya fiqhi, hajasoma? Inamfaa, ila kuna sehemu atakwama na kuna sehemu atapotoshwa kidogo, ntazitaja.

Kwanza mnijue nilikotoka. Mi kama wengi wenu nilifundishwa makusudio ya sharia, yani yale ambayo hukumu za dini zimewekwa ili kuyafikia, kama orodha. Kulinda dini, kulinda nafsi, kulinda akili, kulinda kizazi, kulinda mali. Tunakariri, tunaandika kwenye mtihani, tunapewa maksi, imeisha hiyo. Hakuna aliyewahi kuniambia orodha hii kaipanga nani, kaipanga wakati gani, alikuwa anaogopa nini alipoipanga, na waliomtangulia walikuwa wanafikiria vipi kabla hakujawa na orodha yoyote. Nilidhani imekuja hivyohivyo kamili. Kozi hii imeniondolea hiyo dhana mapema sana, na kwa hilo peke yake namuombea mwalimu kheri.

Umbo lake ni masomo 14 ya sauti tupu, kila moja kama dakika 40 mpaka 50, pamoja na pdf ya muhtasari. Hakuna video. Mwanzo niliona ni upungufu lakini baadae nikaona ndo vizuri, unasikiliza ukiwa unapika, unapofua, unapotembea.

Mwalimu haanzi na mwanazuoni Ghazali kama wanavyofanya wengi, anaanza na nyama. Kuna mwaka Mtume s.a.w. aliwakataza watu wa Madina wasiweke nyama ya udhia zaidi ya siku tatu. Mwaka uliofuata watu wakamuuliza, tufanye kama mwaka jana? Akawaambia kuleni, lisheni wengine na wekeni akiba, ule mwaka niliwakataza kwa sababu watu walikuwa kwenye shida na mafukara wa mabedui walikuwa wameingia mjini. Hapo mwalimu anasimama kabisa, anakuacha ufikirie. Anauliza, je hukumu ilibadilika? Maneno yamebadilika, ile ya kwanza wekeni siku tatu tu na hii ya pili wekeni mnavyotaka, lakini lile lililokusudiwa ni moja tangu mwanzo, mwenye njaa asilale na njaa jirani yake ana nyama imening'inia. Mi hii hadithi naijua tangu utotoni ila sikuwahi kuiona kama mlango wa elimu nzima.

Kisha anapita kwenye kisa cha swala ya alasiri na Bani Quraydha, masahaba waliambiwa wasiswali alasiri mpaka wafike kwa kabila hilo, kundi moja likaswali njiani likasema kusudio lilikuwa tufanye haraka, kundi jingine likashika maneno yalivyo likachelewesha mpaka lilipofika, na Mtume s.a.w. hakulilaumu hata moja. Anamgusa Sayyidna Umar r.a. na mwaka wa njaa, mwaka wa 18 Hijria, alipositisha adhabu ya kukata mkono kwa wizi kwa sababu watu waliiba kwa njaa. Na ile ya ardhi ya Iraki ambayo wapiganaji walitaka wagawiwe kama ngawira nyingine, Umar akakataa, akaiacha mikononi mwa wenyeji na kuitoza kharaji, yani kodi ya ardhi, na hoja yake ikawa aya za suratul Hashr zinazotaja na waliokuja baada yao. Yani tukigawa yote leo, wa kesho watabaki na nini? Somo hili la kwanza lingekuwa peke yake ningelilipia.

Somo la pili ni la haraka haraka, Hakim Tirmidhi aliyeandika kuhusu swala na makusudio yake, Qaffal Shashi aliyefariki 365 Hijria na kitabu chake cha uzuri wa sharia, na wengine. Sioni ubaya kulipita haraka kwa sababu hawa walikuwa wanatafuta hekima ya kila hukumu moja moja, walikuwa bado hawajajenga nyumba, walikuwa wanakusanya mawe.

La tatu ndo watu wengi wanaachia njiani. Ni Juwayni, Imamul Haramayn, na lugha inakuwa nzito ghafla. Naomba mvumilie. Huyu bwana wa Nishapur alikimbia kwao wakati Waashari, wenzake wa itikadi moja, wanaandamwa na waziri wa Maseljuki, watawala wa Kituruki wa zama hizo, akaenda kufundisha Makka na Madina, ndo jina la imamu wa haram mbili likatoka hapo, mpaka mambo yalipobadilika na Nizam al-Mulk akamjengea madrasa kwao. Aliyeona elimu inavyoweza kufukuzwa mjini kwa amri ya waziri mmoja, ndiye aliyekuja kuandika kwenye kitabu chake cha Ghiyathi swali la kutisha: itakuwaje siku wanazuoni wakiisha, vitabu vikipotea, na watu hawakumbuki matawi ya fiqhi, watashika nini? Na jibu lake ni kwamba watashika misingi mikuu. Ukiielewa hiyo hofu yake ndo utaelewa kwa nini kwenye kitabu chake kingine, Burhan, alikaa akapanga hukumu kwa madaraja, hii ni ya lazima kabisa, hii ni haja ya watu wote, hii ni ya kupendezesha na kuendelea. Madaraja yake ni matano, na hapa muwe makini kwa sababu pdf imechanganya watu. Tano za Juwayni siyo tano za Ghazali! Za Juwayni ni ngazi za uzito, zile za Ghazali ni vitu vinavyolindwa. Kwenye pdf zimewekwa kurasa zinazofuatana bila maelezo, na nimeona kwenye maoni ya wanafunzi mtu anauliza mbona orodha mbili hazifanani.

Halafu neno dharura. Kwetu dharura ni jambo la ghafla, mtu kaugua usiku, umepigiwa simu ya msiba. Kwenye elimu hii dharura ni kile ambacho kikikosekana maisha yenyewe yanaharibika, hata kama kipo kila siku na hakuna la ghafla. Mwalimu kalitumia masomo matatu mfululizo kabla ya kulieleza, na mi nilikuwa naelewa kinyume muda wote huo. Angesema tu mambo ya lazima, angeokoa watu.

Sasa somo la nne. Ghazali. Hapa ndo roho ya kozi ilipo na nataka nikae kidogo.

Ghazali, aliyefariki 505 Hijria yani 1111, alikuwa mwanafunzi wa Juwayni, na kwenye kitabu chake cha Mustasfa ndo akaweka yale matano tunayokariri, na ngazi akazifanya tatu: ya lazima, ya haja, ya mapambo. Mpaka hapo hakuna jipya. Lakini mwalimu anasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia likisemwa wazi hivi, kwamba Ghazali aliandika hayo kwa kuogopa watu wanaotumia neno maslahi. Anasema kuleta manufaa na kuondoa madhara, hayo ni makusudio ya viumbe, kila mtu anayatafuta. Sisi tukisema maslahi tunakusudia kulinda kile ambacho sharia imekikusudia, na si kila mtu anachokitaka. Sentensi moja hii, lakini imegeuza kila kitu. Kwa hiyo ile orodha tuliyokariri kama mlango wa kupitishia mambo, aliyeipanga aliipanga kama mlango wenye kufuli.

Na mfano ni wa yule amiri wa Andalus. Amiri Abdurrahman alimwingilia kijakazi wake mchana wa Ramadhani kisha akajuta, akawaita mafakihi, wanazuoni wa fiqhi. Yahya bin Yahya Laythi, mwanafunzi wa Imamu Malik mwenyewe, akamwambia kafara yako ni kufunga miezi miwili mfululizo. Walipotoka wenzake wakamuuliza, mbona hukumpa nafasi ya kuacha huru mtumwa au kulisha masikini kama madhehebu yetu inavyosema? Akajibu, tukimfungulia mlango huo atarudia kila siku maana kuacha huru mtumwa kwake ni rahisi, nimemwekea lililo zito asirudie.

Nilivyosikia nikasema masha Allah, hii ndo akili! Nilipiga makofi kabisa peke yangu jikoni. Halafu mwalimu akanyamaza sekunde mbili tatu, akasema Ghazali anaikataa fatwa ya namna hii. Kwa nini? Kwanza nasi, yani andiko la wazi la aya au hadithi, ipo na imetaja kuacha huru mtumwa, huwezi kuifuta kwa sababu umeona wewe kwamba fulani haitamuumiza. Pili, watu wakijua kwamba wanazuoni wanabadilisha hukumu kulingana na nani kasimama mbele yao, nani atawaamini tena? Na mwalimu akaongeza la kwake, ambalo lilinikaa: kuna mtumwa mmoja mahali fulani ambaye siku ile angekuwa huru, na hakuwa, kwa sababu fakihi aliona maslahi ya kumtia amiri adabu ni makubwa zaidi. Hakuna aliyemuuliza yule mtumwa maslahi yake.

Hapo nikazima simu nikakaa. Kwa sababu mi mwenyewe nimeshabishana na watu mara nyingi nikitupa neno maqasid, ndo makusudio kwa kiarabu, kama ngao, hili ni maqasid, lile ni maqasid, na sikuwahi kujiuliza kama ni makusudio ya sharia au ni ya kwangu nimeyavisha kanzu.

Masomo yanayofuata yanakwenda vizuri. Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki 660, na kanuni yake ya kwamba sharia yote ni kuleta maslahi na kuzuia madhara, na mwalimu hamwachi kwenye karatasi anamleta mpaka Kairo, Watatari, yani Wamongoli, wako njiani kabla ya vita vya Ayn Jalut, 1260, sultani anataka kuwatoza raia kodi ya vita. Fatwa yake ikawa inaruhusiwa kwa sharti, hazina ikiwa tupu na maamiri wakiwa wameshatoa mikanda yao ya dhahabu na mapambo yao ikauzwa, wakabaki sawa na watu wa kawaida. Ndo uwafuate raia. Hii ndo maslahi ikiwa na meno. Na Qarafi mwanafunzi wake anayetenganisha lini Mtume s.a.w. alisema kama mfikishaji wa wahyi, lini kama kadhi, lini kama kiongozi wa watu, mfano hadithi kwamba mwenye kufufua ardhi iliyokufa basi ardhi hiyo ni yake, je ni hukumu ya milele au ni ruhusa ya kiongozi inayohitaji ruhusa ya kiongozi mwingine baadae? Somo hili limepangwa vizuri kupita yote, maswali yake ya mwisho yananifanya nirudi.

Somo la saba ndo limeniudhi. Tufi. Huyu Mhanbali aliyefariki 716, alipofika kwenye hadithi ya 32 ya Arubaini Nawawi, hapana kudhuru wala kudhuriana, akasema kwenye miamala ya watu maslahi yakigongana na nasi au ijmai, yani makubaliano ya wanazuoni, basi maslahi yanatangulizwa, kwa njia ya kuifafanua nasi na kuihusisha siyo kuifuta, na akatoa ibada na viwango vilivyowekwa na sharia kwamba humo hapaguswi. Ni rai nzito, wengi wameipinga, na mi pia siikubali baada ya kusikia Ghazali. Lakini jamani mpinge mtu kwa hoja yake. Mwalimu kampa dakika zisizozidi tano, hakutaja kabisa kwamba ametoa ibada na viwango, kamalizia kwa kusema huyu alitoka kwenye mstari basi tuendelee. Mtu mgeni atatoka hapo anaamini Tufi aliruhusu watu waache swala wakiona maslahi. Si kweli, na si haki kwa mtu aliyeshatangulia mbele ya Mola wake.

Niliandika swali kwenye sehemu ya maswali, kwa adabu, nikaeleza hilo. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tano nikajibiwa na msaidizi aliyenakili mstari uleule wa pdf. Siyo jibu hilo. Kama mnauza kozi yenye ahadi ya kujibu maswali basi jibuni, na kama mwalimu ana shughuli nyingi semeni wazi watu wajue wananunua sauti tu.

Na tarehe! Kwenye ukurasa wa mpangilio wa wanazuoni mmeandika Ghazali 1111 na chini yake Shatibi 790. Ghazali mmemwekea miladi na Shatibi hijria, bila alama yoyote. Kijana mmoja kwenye maoni kaandika kumbe Shatibi ndo alimtangulia Ghazali. Shatibi amefariki 790 Hijria ambayo ni 1388. Kozi inayofundisha maendeleo ya fikra, kitu ambacho uti wa mgongo wake ni nani kaja kabla ya nani, haiwezi kukosea hapo. Rekebisheni hata leo, ni kazi ya dakika kumi.

Ibn Qayyim kapewa somo zuri. Lile la shekhe wake Ibn Taymiyya kupita na wenzake kwa Watatari wanaokunywa pombe, mmoja akataka kuwakataza, Ibn Taymiyya akamzuia, Allah kaharamisha pombe kwa sababu inazuia kumkumbuka Allah na swala, na hawa pombe inawazuia kuua watu na kupora mali, waacheni. Wengi mmelisikia. Kilichonifurahisha ni kwamba mwalimu kaliunganisha hapohapo na vita vya Ibn Qayyim dhidi ya hila, yani ujanja wa kushika umbo la hukumu na kuua kilichokusudiwa, kwa hiyo msikilizaji hapati nafasi ya kusema aah kumbe makusudio ni kulegeza. Mkono uleule uliomzuia mkatazaji ndo uliowapiga wajanja.

Tunafika Granada. Shatibi kapewa masomo matatu, la 9, 10 na 11, na ni haki yake. Mji umebaki peke yake, Andalus nyingine imeshaliwa, na yeye ndani ya mji huo anatuhumiwa na watu wake kwa mambo ya ibada aliyokataa kuyafuata, mwenyewe kalalamika kwenye kitabu chake cha Itisam. Ndani ya mazingira hayo anaandika kitabu cha Muwafaqat na kufanya ambacho hakijafanyika, anatoa makusudio kwenye mlango mdogo wa kiyasi, yani kulinganisha jambo jipya na lenye hukumu, na kuyapa kitabu kizima ndani ya usuli. Na njia yake ni kukusanya. Haridhiki na aya moja au hadithi moja, anakusanya hukumu nyingi za milango tofauti mpaka maana moja isimame bila shaka, kama vile ujasiri wa Ali r.a. na ukarimu wa Hatim unavyojulikana kwa visa vingi ambavyo kimoja peke yake kisingetosha.

Lakini lililonigusa zaidi ni kwamba anageuza swali. Waliomtangulia wanauliza sharia imekusudia nini. Yeye anauliza na hilo halafu anauliza, na wewe mtu, umekusudia nini? Mtu ana mali imekaribia kutimiza mwaka, anampa mkewe zawadi leo ili zaka isimpate, wiki ijayo mali inarudi. Zawadi ni halali. Umbo ni safi. Ila sharia imeweka zawadi kwa ajili ya upendo na kumnufaisha mwenzio, imeweka zaka kuondoa ubakhili, huyu kachukua kimoja akauwa kingine. Shatibi anasema kusudio lako lilingane na kusudio la aliyeweka sharia, na kwamba sharia imekuja kumtoa mtu kwenye matamanio yake ili awe mja wa Allah kwa hiari kama alivyo mja kwa lazima.

Somo la 10 ni la mashaka, ugumu kwenye ibada. Nitasema jambo la nyumbani hapa. Mama yangu ana kisukari, na kila Ramadhani tunapigana. Daktari anamwambia asifunge, sisi tunamwambia, aya ya mgonjwa tunamsomea, yeye anasema mwanangu nimefunga miaka yote hiyo leo nimuache Mola wangu kwa sababu ya sukari? Mwaka juzi alianguka kabla ya alasiri. Nilikuwa nasikiliza somo hili sebuleni na yeye yupo, likafika kwenye kisa cha Abu Israil, yule sahaba aliyeweka nadhiri ya kusimama juani, asikae, asijifunike kivuli, asiseme, na afunge. Mtume s.a.w. akasema mwambieni aseme, akae kivulini, na akamilishe funga yake. Mwalimu akafafanua kama Shatibi anavyofafanua, lile la ibada limebaki, funga imebaki, lile la kujitesa limeondolewa kwa sababu Allah hakutaka mateso ya mja wake, ugumu unaokuja wenyewe ndani ya ibada una malipo lakini ugumu haukusudiwi ukatafutwa kwa ajili yake. Mama akasema rudisha hapo. Nikarudisha. Akasikiliza tena, akanyamaza sana, kisha akasema kumbe yule alidhani anampa Mungu kitu. Sikumjibu chochote, nikaendelea kukunja nguo. Ramadhani iliyopita alilisha masikini, bila ugomvi. Miaka yote nilikuwa nampa orodha, kulinda nafsi mama, kulinda nafsi ni katika yale matano, haikumwingia hata mara moja.

Baada ya Shatibi kuna pengo refu na mwalimu kalipita kwa dakika chache, si kosa lake sana kwa sababu kitabu chake cha Muwafaqat hakikusomwa sana karne nyingi mpaka kilipopigwa chapa Tunis 1884 na wanazuoni wa zama mpya wakakishika. Kutoka Tunis hiyohiyo anakuja Ibn Ashur, shekhe wa chuo cha Zaytuna, kitabu chake cha makusudio kimetoka 1946, nchi bado iko chini ya Wafaransa. Somo lake ni zuri ila ni moja tu na lingehitaji mawili. Anatoa makusudio kwa mtu mmoja mmoja na kuyapeleka kwenye umma mzima, mpangilio wake, nguvu yake, utulivu wake. Anaweka fitra, yani maumbile ya asili ya mtu, kama msingi, anazungumzia usawa na uhuru, na kanuni ya mafakihi kwamba sharia ina hamu na uhuru. Kwenye mali hasemi tu ilindwe, anasema izunguke, iwe wazi, ihifadhiwe, ithibiti kwa mwenyewe, na itoke kwa uadilifu. Ile aya ndefu ya kuandika deni na kuweka mashahidi nimeisoma miaka yote kama aya ya deni. Sasa naisoma kama aya ya uwazi.

Somo la 13 limebeba Allal al-Fasi wa Moroko na kitabu chake cha 1963, Raysuni aliyemrudisha Shatibi kwa wasomaji wa leo, Qaradawi, na Jasser Auda wa 2008 anayetaka makusudio yaangaliwe kama mfumo wenye sehemu zinazotegemeana na pale tulipozoea kulinda tuanze pia kusema kukuza. Wote hao ndani ya dakika 47! Ni majina yanapita kama basi la haraka. Na hapa ndo tunapoishi sisi, hapa ndo mabishano yalipo, nani ana haki ya kusema hili ndo kusudio na kwa kipimo gani. Angeweza kukata nusu ya somo la pili akaleta huku.

Lililookoa ni la 14, la mifano ya leo, hasa tawarruki ya mabenki. Unanunua bidhaa kwa mkopo kwa bei ya juu, hapohapo benki inamuuzia mtu mwingine kwa niaba yako kwa taslimu bei ya chini, bidhaa hujaiona wala haijasogea, mwisho umeshika pesa kidogo na unadaiwa pesa nyingi. Kila mkataba ukiutazama peke yake una umbo la biashara. 2009 Majmaa, yani baraza, ya fiqhi ya kimataifa ikasema tawarruki iliyopangwa namna hii haijuzu. Mwalimu akauliza, hii inatofauti gani na yule wa zawadi kwa mkewe kabla zaka haijamfika? Hakujibu, akafunga somo kwa dua.

Sauti ni safi isipokuwa somo la 6 ambalo lina mwangwi dakika kumi za mwanzo. Apu inakumbuka ulipoishia, hilo ni zuri. Nyota nne kwa tano, ile moja nimeikata kwa Tufi, kwa tarehe na kwa swali langu lililokaa wiki tano, na nikiona tarehe zimerekebishwa na Tufi kapewa haki yake ntarudi kuibadilisha. Mnaoanza leo, msiishie la tatu. Ni zito lakini la nne ndo lipo nyuma yake, na kama nyumbani kuna mtu mzima anayejitesa kwenye ibada, lile la 10 msilisikilize kwa spika za masikioni.